Mwanangu anatafuna upande mmoja tu: je, meno ndiyo yanayoongoza misuli, au misuli ndiyo inayopotosha meno?

#1 Bint Mwambao
Habari zenu wanajukwaa. Nina mtoto wa kiume wa miaka 7, mzima wa afya, ambaye tangu akiwa na miaka minne amekuwa wa mwisho kunyanyuka mkekani. Sisi wengine tumeshakula na kunawa, yeye bado ana tonge shavuni. Tulimwona mvivu wa kula, na bibi yake akawa anamkemea, mpaka mwezi uliopita nilipokaa mbele yake akitafuna muhogo wa kuchemsha, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kila tonge linapelekwa kulia, na kila anapofunga mdomo kidevu kinasogea kidogo kuelekea huko huko kulia, kama droo iliyotoka kwenye reli yake.

Nilimwambia aume meno nikamfunua mashavu. Kushoto magego ya juu yako nje ya yale ya chini, kama yangu mimi. Kulia ni kinyume: ya juu yameangukia ndani. Nikamshika mashavu yote mawili akiuma kwa nguvu, nikahisi msuli wa kulia hautuni sawa na wa kushoto, ingawa sitaapa kwa vidole vyangu.

Jirani ameniambia nisubiri meno ya utoto yang'oke yote kwanza. Shemeji ameniambia nimpe miwa na mahindi ya kuchoma ili taya likomae. Kabla sijafanya lolote nataka kuelewa: ni meno yaliyokosa kukutana yanayoifundisha misuli kutafuna hivi, au ni namna yake ya kutafuna iliyoyasogeza meno?

#2 Mzee wa Makande
Ahsante kwa swali, binti yangu. Mimi ni mtu wa Same, na nina miaka 71. Utotoni tulikula makande ya mahindi makavu na maharage ambayo hata yakichemka kutwa nzima bado yalihitaji meno, na muwa tuliumenya kwa meno bila kutafuta kisu. Katika rika langu simkumbuki mtoto ambaye meno yake yalikuwa yamepandana. Wajukuu zangu asubuhi wanakunywa uji, mchana wanakula wali laini, jioni mkate uliochovywa kwenye chai, na wawili kati yao meno yamejazana kama abiria wa daladala ya saa moja asubuhi. Taya lisilopewa kazi haliwezi kukua. Shemeji yako amekwambia kweli.

#3 Tabibu Kinywa
Shikamoo mzee wangu. Dada Bint Mwambao, pole, na nikushukuru kwa jinsi ulivyoangalia kwa makini, kwa sababu wazazi wengi huleta mtoto wakisema tu kwamba hataki kula.

Mimi ni daktari wa kinywa na meno. Sitaweza kutoa hukumu juu ya mtoto nisiyemwona, lakini hali unayoieleza tunakutana nayo mara kwa mara. Kwa kawaida safu ya meno ya juu ni pana kuliko ya chini na huifunika kwa nje, kama kifuniko cha sufuria kinavyoukumbatia mdomo wake. Safu ya juu ikiwa nyembamba kupita kiasi, mtoto akifunga mdomo meno hukutana ncha kwa ncha, mara nyingi kwenye chonge za utotoni. Hapo hapawezi kutafuniwa kitu, kwa hiyo taya la chini huteleza upande mmoja mpaka lipate mahali pa kukaa. Matokeo yake ni kwamba magego ya upande ule hupishana kinyume, na kidevu hufuata. Kasoro inaonekana ya upande mmoja, lakini ukipima kaakaa unakuta mara nyingi limebana pande zote mbili.

Sasa misuli. Ile inayotuna shavuni, ile ya kwenye panja, na ile ya ndani ya taya inayovuta pamoja nayo, hupokea amri kutoka mshipa mmoja wa fahamu, ule wa tano wa kichwani. Taya likifungwa kwa kuteleza kila siku, ubongo hujifunza njia hiyo na kuifanya kuwa ya kawaida. Vipimo vya umeme wa misuli kwa watoto wa aina hii vimeonyesha kwamba pande mbili hazifanyi kazi sawa, na baadhi ya vipimo vya ultrasaundi vimekuta msuli wa shavu la upande uliopishana ukiwa mwembamba zaidi. Kwa hiyo vidole vyako huenda havikukudanganya.

Fanya jaribio moja nyumbani. Mwambie aachame sana mbele ya kioo, uangalie kama kidevu kiko katikati ya uso, kisha afunge polepole mno. Kikiwa katikati akiachama na kikahama wakati wa kufunga, taya linateleza. Kikiwa kimehama hata akiwa ameachama, huenda mfupa wenyewe haulingani, na hilo ni jambo jingine. Utuambie umeona nini.

#4 Fundi Seremala
Sina elimu ya meno, ila nimefunga milango kwa miaka mingi, na maelezo ya daktari nimeyaelewa kwa njia ya kazi yangu. Fremu ikiwa nyembamba kuliko ubao, mtu hulazimisha mlango kwa kuusukuma kwa bega. Baada ya miezi bawaba ya juu inalegea na mlango unaanza kujifunga kwa kukwaruza sakafu. Mwenye nyumba anakuita ubadilishe bawaba. Ukiibadilisha bila kugusa fremu, utarudi kwenye mlango ule ule. Kwa hiyo mimi nasema meno na kaakaa ni fremu, na msuli ni bawaba.

#5 Msomi wa Mifupa
Mfano wa fundi ni mzuri sana, lakini una upungufu mmoja: ubao haukui, na mtoto anakua. Mfupa wa mtoto hujengwa kwa kufuata nguvu unazobebeshwa, kwa hiyo katika mwili wa mtoto bawaba inaweza kuibadilisha fremu.

Ndiyo maana siwezi kumkatalia Mzee wa Makande moja kwa moja. Mwaka 2004 Daniel Lieberman na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa pimbi, hawa wanyama wadogo tunaowaona kwenye majabali. Kundi moja lililelewa kwa chakula kilichopikwa, jingine kwa chakula kibichi na kikavu. Waliokula laini walipungukiwa ukuaji kwa karibu asilimia 10 katika sehemu za chini na za nyuma za uso, huko huko ambako nguvu ya kutafuna hubebwa. Mwaka 2011 Noreen von Cramon-Taubadel alilinganisha mafuvu ya jamii za wawindaji na za wakulima kutoka sehemu nyingi za dunia, akaona umbo la taya la chini linafuata namna watu wanavyopata chakula chao: la wakulima ni fupi na pana, la wawindaji ni refu na jembamba.

Lakini mzee, hapa ndipo hoja yako inapokwama kwa mtoto wa dada yetu. Uji ni laini kulia na kushoto. Chakula laini kinaweza kueleza taya dogo na meno yaliyosongamana, lakini hakielezi kwa nini taya limechagua upande wa kulia.

#6 Mzee wa Makande
Nimefurahi kusikia habari za pimbi, kwa sababu kwetu mlimani wamejaa na sikujua kama waliwahi kuitumikia elimu. Hata hivyo sijashindwa. Kaakaa likishakuwa dogo kwa ajili ya uji, taya lazima lichague upande, kama mtu mwenye kitanda kifupi anavyolala kwa ubavu. Laini ndiyo iliyoanzisha, upande umekuja baadaye.

#7 Baba Rehema
Salamu kutoka Mombasa. Mimi nawaomba muangalie pua kabla ya sahani. Binti yangu alikuwa akilala kinywa wazi na kukoroma kama mtu mzima, na akiwa na miaka 6 meno yake ya mbele hayakuwa yakikutana kabisa: ungeweza kupitisha ncha ya kidole gumba kati ya ya juu na ya chini huku magego yamefungwa. Chapati hakuweza kuikata kwa meno ya mbele. Aliichana kwa mkono, akaisukuma nyuma kwa ulimi. Daktari wa masikio, pua na koo akakuta zile tunazoziita nyama za pua zimeziba njia ya hewa.

Alinieleza kwamba anayepumua kwa mdomo huuteremsha ulimi, na ulimi ukiteremka kaakaa linabaki bila mtu wa kulisukuma kutoka ndani, ilhali mashavu yanaendelea kulibana kutoka nje. Kwa hiyo linakuwa jembamba na la kina kirefu. Dada, mtoto wako analala vipi?

#8 Nesi Mstaafu
Baba Rehema amenitangulia, lakini njia ya ulimi na mashavu aliyoieleza ina mlango mwingine, nao ni kunyonya. Mtoto anayenyonya kidole au chuchu bandia kwa miaka huweka kitu mahali pa ulimi, na mashavu yake huvuta ndani kila mara. Mapitio makubwa ya tafiti za unyonyeshaji yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet yalihusisha kunyonya maziwa ya mama na kupungua kwa kasoro za kukutana kwa meno kwa asilimia 68. Ziwa humfanya mtoto alifanyishe taya kazi kwa kulipeleka mbele na kulirudisha, na ulimi unabaki juu. Chupa inamwagia.

Kuna na jambo ambalo sisi wa huku tusilipite kimya. Nimefanya kazi kliniki za watoto kwa muda mrefu, na nimepokea watoto wachanga ambao ufizi wao ulichokolewa ili kuondoa kile kinachoitwa meno ya plastiki, eti ndiyo yanayoleta homa na kuharisha. Kinachotolewa ni kichipukizi cha chonge ya utotoni. Mtoto anaweza kufa kwa maambukizi, na anayepona anaweza kupoteza hata chonge ya ukubwani iliyokuwa ikijiunda chini yake. Chonge ikikosekana upande mmoja, meno ya mbele hujongea kuelekea kwenye pengo. Bint Mwambao, sikutuhumu, nakuuliza kama ninavyomuuliza kila mama: je, mtoto alipokuwa mchanga alipelekwa kwa mtu yeyote kuchokolewa fizi?

#9 Mdau wa Tabata
Naona tunamtia dada hofu bila sababu. Kwanza, mtoto wa miaka 7 bado ana meno ya utoto, na hata hayo magego ya nyuma yaliyoota juzi yatang'oka yaje mengine. Pili, nimewahi kusoma kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Dar es Salaam wana kasoro ya mpangilio wa meno. Jambo walilonalo wengi kiasi hicho haliwezi kuwa ugonjwa.

#10 Tabibu Kinywa
Ndugu wa Tabata, la kwanza umekosea na naomba kila mzazi anayesoma hapa alishike. Meno ya utoto ni 20. Gego linaloota kwenye miaka 6 nyuma ya yale ya utoto halisukumi jino lolote, linaota mahali palipokuwa wazi, na ni la kudumu. Halina mrithi. Wazazi hulidhani la utoto, likioza hawashtuki, na nimeyang'oa mengi ya watoto wa miaka 9 na 10 ambayo yangeweza kuokolewa kwa kuzibwa mapema. Tena ndilo gego la juu ambalo Edward Angle, daktari wa Marekani wa kupanga meno, alilitumia mwaka 1899 kuyagawa makundi ya kukutana kwa meno ambayo tunayatumia hadi leo.

La pili umesoma sawasawa, lakini idadi hiyo inahitaji kufunguliwa ndani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 juu ya wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 wa Kinondoni na Temeke ulikuta asilimia 63.8 wana angalau kasoro moja. Ndani yake, asilimia 22.5 mstari wa katikati ya meno ya juu na ya chini haukulingana, asilimia 21.9 walikuwa na nafasi kati ya meno, na asilimia 16.1 meno yao ya mbele hayakukutana. Si zote zinagusa kutafuna. Nafasi kati ya meno ya mbele haimzuii mtu kula chochote.

#11 Malkia wa Mwanya
Nimesoma uzi huu kimya tangu asubuhi, lakini hapa sikuweza kuvumilia. Mwanya wangu umehesabiwa kuwa kasoro! Mama yangu anao, bibi yangu alikuwa nao, na kwetu msichana mwenye mwanya huimbiwa. Daktari, ninakubali kila kitu ulichosema isipokuwa hicho.

#12 Tabibu Kinywa
Dada Malkia, fomu ya kupimia huandika kila nafasi ya milimita 2 na kuendelea, haiulizi kama ni nzuri. Mke wangu ana mwanya. Tuendelee na magego.

#13 Mwalimu wa Awali
Mimi nafundisha watoto wa miaka 4 hadi 6 na wanakula shuleni, kwa hiyo nawaona wakitafuna kila siku. Wapo wanaomeza vipande vizima vya nyama na kukabwa, wapo wanaofyonza nyama kisha wanaitema makapi, na wapo wanaolowanisha kila kitu kwa mchuzi. Nilipoanza kuwaangalia midomo, wengi wa hawa niliwakuta na meno yaliyooza au yasiyokutana. Nina imani kwamba udogo wa miili ya baadhi yao unatokana na hilo, kwa sababu chakula kisichotafunwa hakijengi mwili.

#14 Msomi wa Mifupa
Mwalimu, ulichokiona kinapimika, na kimepimwa kwa njia rahisi ambayo hata shuleni ungeweza kuijaribu. Tangu siku za Manly na Braley, waliochapisha kipimo chao mwaka 1950, mtu hupewa karanga atafune kwa mapigo yaliyohesabiwa, kisha hutema, na makapi hupitishwa kwenye chekeche. Kinachobaki juu ya chekeche ndicho ambacho hakikusagwa. Siku hizi hutumia pia jojo ya rangi mbili na kuangalia rangi zimechanganyika kiasi gani. Watoto ambao meno yao hayakutani vizuri, kwa wastani, husaga chakula kikabaki na vipande vikubwa zaidi, na linaloamua zaidi ni ukubwa wa eneo ambalo meno ya juu na ya chini yanagusana, pamoja na nguvu ya kuuma.

Lakini kutoka hapo hadi kusema mwili haujengeki ni hatua ndefu. Mtoto mwenye afya hufidia: hutafuna muda mrefu zaidi, au humeza vipande vikubwa zaidi na tumbo linabeba kazi. Hilo tonge linalokaa shavuni kwa mtoto wa Bint Mwambao huenda ndiyo fidia yenyewe. Tena katika miaka 6 hadi 12 watoto wote hupita kipindi ambacho meno yanatikisika na kung'oka, na uwezo wa kutafuna hushuka kwa muda hata kwa wasio na kasoro.

#15 Mwalimu wa Awali
Nimekubali kuhusu wastani, Msomi. Hata hivyo mtoto anayeona haya kula mbele ya wenzake kwa sababu anachelewa hula kidogo, na hilo chekeche lako halilipimi.

#16 Kijana wa Kigamboni
Naomba niseme kama mwenye tatizo, kwa kuwa wote mnaongea juu yetu. Nina miaka 19, na taya langu la chini liko mbele ya la juu, kama la baba yangu na la shangazi yangu. Sijawahi kunyonya kidole, napumua kwa pua, na nimekulia kwenye samaki wakavu na mihogo, kwa hiyo pua, chuchu na uji vyote mnivue. Meno yangu ya mbele hayakati. Sandwichi sikuwahi kuila mbele ya watu mpaka nilipoacha kujali. Ninapotafuna nyama ngumu, misuli ya panja inauma mpaka usiku, na kila mtu ameniambia kwamba meno ndiyo yanayoniletea maumivu hayo. Daktari, ni kweli?

#17 Tabibu Kinywa
Kijana, ahsante kwa kusema wazi. Taya la namna yako hurithiwa sana, na historia ina mfano unaojulikana: ukoo wa kifalme wa Habsburg, hasa Carlos wa Pili wa Hispania aliyefariki mwaka 1700, ambaye taya lake lilimzuia kutafuna ipasavyo. Kuhusu maumivu, nitakujibu kwa uangalifu. Zamani tulifundishwa kwamba meno yasiyokutana ndiyo chanzo cha maumivu ya misuli na kiungo cha taya. Ushahidi wa miaka ya karibuni ni dhaifu kuliko tulivyoamini. Wapo wengi wenye kasoro kubwa wasiohisi kitu, na wapo wenye meno yaliyonyooka kabisa wanaoteseka, na kusaga meno usingizini pamoja na msongo wa mawazo vina nafasi yake. Usimruhusu mtu akusage meno yako mazuri kwa ahadi kwamba kichwa kitapona.

#18 Fundi Seremala
Kwa hiyo daktari, unakubali bawaba inaweza kuuma hata fremu ikiwa sawa. Ninauondoa nusu ya mfano wangu, nusu nyingine naibakiza.

#19 Bint Mwambao
Nimesoma yote, Mungu awalipe. Majibu yangu ni haya. Kuhusu fizi, Nesi, hapana, hakuchokolewa. Analala kinywa kimefungwa, ila akiwa na mafua tu ndipo anakoroma. Kunyonya: nilimnyonyesha mwaka mmoja na miezi miwili, lakini nilikuwa narudi kazini, na dada wa kazi alikuwa akimtuliza kwa chuchu bandia. Aliiacha akiwa anakaribia miaka mitatu na nusu, kwa kilio.

Jaribio la kioo nimelifanya mara tatu. Akiachama, kidevu kiko katikati. Akifunga polepole, kinasimama kidogo, halafu kinateleza kulia. Nilipomuuliza anahisi nini pale kinaposimama, alinionyesha chonge.

Nimepekua na picha zake za zamani. Katika picha ya sikukuu akiwa na miaka mitatu, anacheka, na kidevu tayari kimekwenda kulia.

Naomba sasa mniambie kuhusu miwa. Je, nikimpa vitu vigumu atafune kwa upande wa kushoto, msuli hautalirudisha taya?

#20 Nesi Mstaafu
Ulimtuliza mtoto ukaenda kutafuta riziki, mwanangu. Usijilaumu kwa chuchu. Ila picha hiyo ya miaka mitatu imenitosha mimi.

#21 Msomi wa Mifupa
Haijanitosha mimi, Nesi, kwa heshima zote, kwa sababu watoto wengi walionyonya chuchu hawakuhama kidevu. Lakini nijibu la miwa, maana ndilo swali lenyewe la uzi huu kwa sura nyingine.

Upo ushahidi wa kuipendelea misuli. Watoto wenye magonjwa ya kudhoofisha misuli hupata kasoro za meno kwa wingi, hasa meno ya mbele kutokutana. Pia mwaka 1987 Ingervall na mwenzake waliwatafunisha watoto wachache wenye uso mrefu kitu kigumu kila siku kwa mwaka mzima, na nguvu yao ya kuuma ikaongezeka.

Upo na ushahidi wa kuikataa. William Proffit na Henry Fields walipima mwaka 1983. Watu wazima wenye uso mrefu walikuwa na nguvu ndogo sana ya kuuma kuliko wenzao wa uso wa kawaida, kwa hiyo ungesema msuli dhaifu ndio uliorefusha uso. Lakini walipowapima watoto, wenye uso mrefu na wa kawaida hawakutofautiana. Uso ulikuwa mrefu tayari, na tofauti ya nguvu ilikuwa bado haijaja. Ni vigumu kusema msuli ndio ulioanza ikiwa ulichelewa kufika.

#22 Mzee wa Makande
Hao watoto waliopimwa walikuwa wa Marekani, wote wa chakula laini. Ukimlinganisha asiyetafuna na asiyetafuna utaona tofauti gani?

#23 Msomi wa Mifupa
Hilo, mzee wangu, ni pingamizi zuri, na sina la kulijibu kwa haraka.

#24 Tabibu Kinywa
Dada, miwa sitakukataza kama chakula, ingawa sukari yake iangalie. Lakini kwa mtoto ambaye taya linateleza kwa sababu chonge zinagongana, kumwambia atafune kushoto ni kumwambia apite mlango uliofungwa. Kwanza ondoa kinachogonga. Kwa baadhi ya watoto, kusugua kidogo ncha za chonge za utotoni kunatosha, na tafiti zimeonyesha kunazuia kasoro isihamie kwenye meno ya kudumu. Kaakaa likiwa limebana sana, hutanuliwa kwa kifaa, ama kile cha kuvua na kuvaa ama waya uliofungwa kwenye magego, na tafiti zilizolinganisha viwili hivi zimeona ule uliofungwa unafaulu zaidi, kwa kuwa mtoto hawezi kuuacha chini ya mto.

Kuhusu misuli baada ya hapo: wale waliorekodi mapigo ya kutafuna kabla na baada wanaonyesha kwamba mapigo ya kinyume, yaani yale ambayo taya hufunga kwa mzunguko usio wa kawaida, hupungua sana, ila kwa wengine hayaishi mara moja. Taya huweza kunyooka kabla tabia haijanyooka.

#25 Mdau wa Tabata
Basi samaki mkunje angali mbichi. Meno yote yatibiwe utotoni.

#26 Tabibu Kinywa
Si yote, ndugu yangu. Kwa kidevu kinachohama ndiyo, nashauri mapema. Lakini kwa meno ya juu yaliyochomoza mbele, kuanza mapema na kumaliza balehe hakutoi matokeo bora kuliko kutibu mara moja wakati wa balehe, isipokuwa kwamba hupunguza ajali za kuvunjika meno ya mbele. Mzazi mwenye kipato cha kawaida ana haki ya kulijua hilo kabla hajalipia mara mbili. Na taya kama la Kijana wa Kigamboni, ikiwa ni la kupasuliwa, husubiri mpaka ukuaji uishe.

#27 Baba Rehema
Niongeze ili niwe mkweli. Binti yangu alitolewa nyama za pua, akaacha kukoroma wiki ile ile, lakini meno ya mbele hayakujifunga yenyewe. Mwaka wa pili huu na bado ulimi unatokeza kila anapomeza. Mtafiti wa meno na taya, Egil Harvold, aliziba pua za kima kwa makusudi, na meno yao yakaharibika mpangilio, ingawa si wote kwa namna moja. Kwa hiyo naamini pua ilianza. Kwa nini kuizibua hakujarudisha, sijapata aliyenieleza nikaridhika.

#28 Bint Mwambao
Nimerudi. Tumekwenda kwa daktari wa meno juzi. Amethibitisha kuteleza, amesema kaakaa limebana pande zote mbili kama Tabibu alivyoandika, na atasugua chonge mbili kwanza kisha aangalie baada ya miezi mitatu.

Lakini kuna jambo ambalo wote hatukuliuliza. Kushoto, kwenye gego la utotoni, lile la nyuma, kwenye ubavu unaogusana na jino jingine, kuna tundu. Kwa macho halionekani, limeonekana kwenye picha ya eksirei. Daktari alimuuliza mtoto, si mimi, kama kuna upande unaomuuma. Akajibu kwamba maji ya baridi yanamuuma kushoto tangu darasa la kwanza lilipoanza. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, aliniambia alidhani meno yote ya watu huuma yakipata baridi.

Tundu limezibwa. Jana usiku nilikaa tena mbele yake na muhogo. Katika matonge kumi, manne aliyapeleka kushoto. Kidevu bado kinateleza kulia.

#29 Tabibu Kinywa
Nimekosa kukuuliza kuhusu maumivu, dada, na lilikuwa swali la kwanza la kuuliza. Nisamehe.

#30 Fundi Seremala
Sasa tuna tundu kushoto lililomkimbiza kulia mwaka huu, na picha inayosema alikwenda kulia tangu miaka mitatu, kabla gego hilo halijatoboka. Msomi, hayo matonge sita yaliyobaki kulia unayapa nani?

#31 Msomi wa Mifupa
Tusubiri chonge zisuguliwe. Bint Mwambao, ukiweza, mhesabie matonge kumi kila Ijumaa, chakula kile kile, bila kumwambia unahesabu.